Barua ya Wazi kwa Mlinzi Mkuu wa Vitabu

Mkutubi Mkuu mheshimiwa,

Salamu kutoka upande wa pili wa kaunta. Jina la chuo nimelihifadhi. Tuko hapahapa kati ya Kitui na Makueni, na wewe unajijua. Nimeandika kukushukuru.

Asante kwa ulinzi. Mwaka 1931, Mhindi mmoja aitwaye S. R. Ranganathan alitoa kanuni tano za ukutubi, na ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Maskini, hakubahatika kuiona kaunta yako. Juzi nilitafuta kitabu cha takwimu. Kompyuta ikasema kipo, nakala tatu. Rafuni sikukuta hata moja. Nikaelezwa kwamba ya kwanza ni ya kusomwa humu ndani kwa saa mbili, na mtu ameshaikalia. Ya pili anayo mhadhiri tangu muhula uliopita, na mhadhiri haulizwi. Ya tatu "iko tu."

"Iko wapi?"

"Iko tu, kijana."

Programu ya orodha iliyomo kwenye kompyuta hiyo inaitwa Koha. Ilizaliwa New Zealand, na kwa Kimaori jina lake maana yake ni zawadi. Yetu bado imefungwa utepe.

Asante pia kwa majarida ya intaneti. Ukiwa ndani ya ua wa chuo, yanafunguka. Ukitoka, yanataka nywila, nayo ilitolewa siku ile ya kuwakaribisha wageni, mimi nikiwa kwenye foleni ya kutafuta chumba. Nilipoifuata baadaye niliagizwa niende na barua ya mkuu wa idara. Basi likizo nilikuwa nyumbani karibu na mji wa Wote, mchana tukivuna ndengu, usiku nikichoma bando kusoma kichwa cha makala na aya yake ya kwanza, kama mtu anayenusa nyama choma ya jirani. Kule Garissa, mwaka 1996, maktaba ya taifa ilianza kuwabebesha ngamia vitabu kuwafuata wafugaji. Ngamia hajawahi kudai barua ya mkuu wa idara.

Nasikia unalalamika kwamba wanafunzi siku hizi hawasomi, kwamba viti viko wazi. Tunasoma, mheshimiwa. Tembea hadi kibanda cha fotokopi mkabala na geti. Mama wa pale hufunga saa nne usiku. Kila somo analijua kwa namba yake, na sura ambayo mhadhiri anaipenda anayo, kwa shilingi kadhaa ukurasa. Akikosa kitu husema, "Pitia kesho asubuhi." Na asubuhi kweli unakipata. Hana kompyuta ya kuniambia kipo.

(Ile sura ya takwimu niliitoa kwake. Ina muhuri wako.)

Naomba radhi kwa mwandiko. Ni saa kumi na moja na nusu, mlango umefungwa, nami nimekaa kwenye ngazi zako kwa sababu Wi-Fi bado inafika hapa. Tuko kumi na wanne. Askari ametupa dakika tano.

Komredi wa mwaka wa tatu