Hewa Safi ya Carandiru

São Paulo wanajua kupamba. Katika gereza la Carandiru, Oktoba 2, 1992, polisi waliingia kutuliza ghasia. Zilipotulia, wafungwa 111 walikuwa maiti. Gereza likafungwa mwaka 2002, mabweni yakalipuliwa, na leo pale pana Bustani ya Vijana: nyasi, viwanja vya michezo, hata maktaba tangu 2010. Vijana, naam! Zamani walijazwa humo kwa maelfu, siku hizi huingia na kutoka wapendavyo. Vipande vya kuta vimebakizwa. Selfi bila historia haina ladha. Nao askari waliohukumiwa kwa mauaji yale? Desemba 2022 Rais Bolsonaro aliwatolea msamaha. Wakitaka kupunga upepo, bustani haina kiingilio.