Goti la Beki na Ulimi wa Shabiki

Uzee wa beki wa kati huonekana katika hatua tatu za kwanza baada ya kugeuka, na mwandishi wa insha hii, ambaye tangu bonanza la Jumamosi hapandi ngazi bila kushika ukuta, amelipata fundisho hilo kwa goti lake mwenyewe baada ya miaka mingi ya kulihukumu goti la mwenzake. Bonanza, kwa wasiolijua, ni siku ya michezo ambapo vijana wa mtaa hukutana uwanjani na maveterani, yaani wanaume waliopita umri wa kucheza lakini hawajaambiwa, kwa ajili ya mechi fupi, supu na visingizio.

Mwenzake huyo ni Thiago Silva, Mbrazili aliyezaliwa Septemba 22, 1984, ambaye Chelsea ilimsajili bure mwaka 2020 akitokea Paris Saint-Germain, akiwa na miaka 35. Katika vijiwe vya kahawa vya Dar es Salaam, ambako Chelsea ina wanazuoni wengi kuliko viti, usajili huo ulizaa madhehebu mawili: waliosema uzoefu hauuzwi dukani, na waliosema klabu imeleta babu wa kumlea. Mwandishi alikuwa sheikh wa dhehebu la pili, na mechi ya kwanza ya Silva katika ligi, ugenini kwa West Bromwich Albion, ilimpa hoja ya msimu mzima, kwani beki alishindwa kuutuliza mpira, Callum Robinson akaondoka nao na kufunga, na ingawa Chelsea ilirudisha mabao yote matatu na kupata sare ya 3-3, kijiweni lilizungumzwa kosa lile moja tu.

Haki inataka jambo lenyewe lielezwe. Sheria ya kuotea humnasa mshambuliaji ambaye, mwenzake anapopiga pasi, yuko karibu na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho; kwa hiyo mabeki wakipanda juu humsukuma mbali na goli, lakini huacha nyuma yao uwanja mtupu ambao hauwezi kukimbiliwa bila kugeuka kwanza. Kugeuka huko ndiko kunakomaliza mtu: mwili husimama, nyonga hufunguka, mguu mmoja hubeba uzito wote, kisha zile nyuzi za misuli zinazojikunja kwa kasi, ambazo husinyaa zaidi kwa umri kuliko nyuzi za ustahimilivu, hudaiwa zilipe papo hapo. Ndiyo maana mzee anaweza kumaliza mbio ndefu akiwa na pumzi ya kusimulia, na bado akaachwa mita tano na mtoto. Beki mwenye akili hulipa deni hilo mapema: husimama kiubavu, husoma bega la mpiga pasi, huanza kurudi kabla mpira haujaondoka. Thomas Tuchel alipofika Januari 2021 alipanga mabeki watatu na kumweka Silva katikati, kipande cha uwanja alichopaswa kukikimbilia kikapungua, na Mei 29 Chelsea ikatwaa Ligi ya Mabingwa mjini Porto kwa kuifunga Manchester City 1-0. Silva aliumia kinena, akatoka dakika ya 39, na dhehebu la pili likadai, bila haya, kwamba lilishasema.

Elimu hiyo yote mwandishi alikuwa nayo kichwani Jumamosi alipopangwa beki wa kati na kuamuru wenzake wapande juu. Pasi ilipopigwa, kichwa kiligeuka kwa wakati. Nyonga iliomba kufikiriwa. Kijana wa kama miaka 17, mwenye soksi zisizofanana, alimkuta bado yuko kiubavu, na kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri na anamtambua kuwa rafiki wa baba yake, alimwamkia, "Shikamoo, mzee," bila kupunguza mwendo. Malezi ni malezi: mwandishi alisimama, akaitikia, "Marahaba, hujambo?" na adabu ilipotimia mpira ulikuwa wavuni. Kipa, ambaye anamdai shilingi elfu ishirini, hakusema neno. Aliliangalia goti tu, kama mtu anayekagua dhamana.

Kipindi cha pili mwandishi alihamishiwa golini, na hayo hayahitaji maelezo.

Liko hata hivyo neno lisilo la mzaha. Silva aliondoka Chelsea mwaka 2024 akiwa na miaka 39, na Julai 2025, akiwa na 40, aliichezea Fluminense dhidi ya Chelsea hiyo hiyo katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, akafungwa 2-0, lakini alipangwa na kocha aliyemtazama kwanza. Nje ya uwanja si hivyo: baadhi ya matangazo ya kazi ya mjini hutaka mwombaji mwenye uzoefu wa miaka 10 na umri usiozidi 35, tena kwa karani, mhasibu na mtunza stoo, watu ambao kazi yao haina pasi ya kukimbiliwa wala nyonga ya kufunguliwa, na mhasibu wa miaka 45 hukataliwa kwa tarehe ya kuzaliwa bila mtu yeyote kumpa daftari alifunge. Mwandishi aliitoa hoja hiyo kijiweni Jumapili kwa ukali uliowanyamazisha wote, na walipomaliza kunyamaza, kijana mmoja akainuka akampisha kiti.