Mhadhara wa Kitaalamu Kuhusu Nyasi za Wimbledon na Watu Wanaozikanyaga

Katika elimu ya michezo hakuna kosa lililoenea kama lile la kudhani kwamba mashindano ya Wimbledon, yanayofanyika kila mwaka kusini-magharibi mwa London, ni mashindano ya tenisi. Kosa hilo linasameheka kwa mtazamaji wa kawaida, kwa kuwa macho yake hufuata mpira, na mpira hupita juu ya jambo lenyewe. Kwa msomi halisameheki hata kidogo. Mhadhara huu unakusudia kuthibitisha kwamba Wimbledon ni taasisi ya nyasi, kwamba wachezaji huitwa pale ili kuzipima nyasi hizo, na kwamba kombe ni ujira tu wa kazi ya upimaji. Mtaalamu aliyeuandaa, ambaye cheo chake cha Mjuzi Mkuu wa Nyasi za Viwanjani hakijapingwa na yeyote kwa kuwa hakuna mwingine aliyekiomba, hajapata kushika raketi maishani mwake, na jambo hilo lihesabiwe kuwa sifa, maana anayekimbizana na mpira hapati nafasi ya kutazama chini.

Ushahidi wa kwanza umo katika chimbuko. Klabu yenye mashindano hayo ilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya kroketi, mchezo wa kugonga tufe kwa nyundo ya mpini mrefu ili lipite katika vitao vidogo vilivyochomekwa ardhini, na tenisi ilikaribishwa baadaye. Mwaka 1877 rola ya kusawazishia viwanja, iliyokuwa ikikokotwa na farasi mdogo, ilihitaji matengenezo, na klabu ikaona njia ya kupata fedha ni kuitisha mashindano. Wanaume 22 walijiandikisha kwa ada ya gini moja kila mmoja, yaani pauni moja na shilingi moja, na watazamaji wapatao 200 wakatoa shilingi moja moja kuitazama fainali, ambayo ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya mvua. Msikilizaji makini atautambua mpangilio wa mambo bila kusaidiwa: nyasi zilitangulia, rola ikafuata, rola ikaharibika, na mwanadamu akatafutwa mwisho kabisa, tena kwa kulipishwa.

Bingwa wa kwanza, Spencer Gore, alikuwa mpenzi wa kriketi na hakuuthamini sana mchezo uliompa jina. Mwaka uliofuata alishindwa na Frank Hadow, mkulima wa chai aliyekuwa likizoni kutoka Ceylon, kisiwa ambacho leo ni Sri Lanka, ambaye aliunyanyua mpira ukapita juu ya kichwa cha Gore kila aliposogea wavuni, akatwaa ubingwa, akarejea kwenye chai yake na hakuja tena kuutetea. Wanahistoria wa tenisi huliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mtaalamu haoni ajabu yoyote: Hadow alikuwa mtu wa mimea, alikuja kukagua, akaridhika, akaondoka.

Sasa yafaa kuingia katika kiini cha elimu hii. Nyasi za Wimbledon ni za aina iitwayo rai ya kudumu, yaani nyasi ambazo kwa tabia yake huishi zaidi ya mwaka mmoja, ingawa mbegu mpya hupandwa kila baada ya mashindano, kwa kuwa udumu hubaki nadharia tupu unapokutana na viatu vya wanariadha. Wakati wa mashindano hukatwa kila siku na kubakizwa urefu wa milimita 8, kipimo ambacho mbuzi yeyote angekiona kuwa dhihaka. Mpira unaodunda juu ya vumbi la matofali la viwanja vya tenisi vya Paris hushikwa na chembe za vumbi hilo, ukapunguza mwendo na kuruka juu. Juu ya nyasi msuguano, yaani ile nguvu inayozuia vitu viwili visiteleze vinapogusana, huwa mdogo, na kwa hiyo mpira huteleza, hubaki chini, na humfikia mpokeaji kabla hajamaliza kufikiri. Ndiyo sababu kwa miaka mingi mabingwa wa Wimbledon walikuwa watu wa kuanzisha mpira kwa nguvu na kuukimbilia wavu, ili wapige pigo la pili kabla mpira haujagusa ardhi, na mwishoni mwa wiki ya pili njia yao ilionekana wazi, kahawia na kavu, kutoka mstari wa nyuma hadi wavuni. Pete Sampras wa Marekani aliipita njia hiyo hadi akapata mataji 7 kati ya mwaka 1993 na 2000.

Ndipo likatokea tukio kubwa kuliko yote katika historia ya tenisi, nalo halikuhusu mchezaji yeyote. Hadi wakati huo viwanja vilikuwa na mchanganyiko wa asilimia 70 ya rai na asilimia 30 ya feskyu nyekundu, nyasi yenye majani membamba kama uzi. Mwaka 2001 feskyu iliondolewa na rai ikachukua asilimia zote 100, ardhi ikawa ngumu zaidi na mpira ukaanza kudunda vizuri zaidi. Mwaka 2002 Lleyton Hewitt wa Australia na David Nalbandian wa Argentina walicheza fainali wakiwa wamesimama nyuma kabisa, wavu wakiutazama kwa mbali. Tangu hapo upara wa uwanja umehamia kwenye mstari wa nyuma. Wachezaji hudai kwamba walibadili mbinu. Ukweli ni kwamba walihamishwa, nao wakafungasha bila kudai notisi. Wapo wanaotaja pia nyuzi mpya za raketi, mipira na mazoezi ya kisasa, na kwa kuwa hoja hizo zina nguvu hazitajadiliwa hapa.

Ulinzi zinaopewa nyasi haufanani na ule wa binadamu. Mvua ikianza, vijana hukimbia na turubai kuufunika uwanja, huku bingwa wa dunia akijikusanyia taulo zake mwenyewe. Paa la Uwanja Mkuu, lililoanza kutumika mwaka 2009, ni la kitambaa kinachopitisha mwanga ili nyasi zisikose haki yake, na likifungwa, mitambo ya hewa huondoa unyevu ili uso usiwe wa utelezi. Asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, mwewe aliyefunzwa, aitwaye Rufus, hurushwa ili kuwatisha njiwa. Asichanganywe na Jicho la Mwewe, mtambo wa kamera unaoamua kama mpira umeangukia ndani au nje. Mwaka 2025 waamuzi wa mistari, waliokuwapo tangu karne ya 19, waliondolewa wote na kazi yao ikaachiwa mitambo, wakati kuhusu kuondolewa kwa ndege Mtaalamu hajasikia pendekezo lolote. Hata vita vilizitambua nyasi. Bomu lililoangukia Uwanja Mkuu mwezi Oktoba 1940 liliteketeza viti vya kukalia watu 1,200, yaani sehemu isiyo ya lazima, na katika miaka hiyo nguruwe, kuku, bata bukini na sungura walifugwa katika eneo la klabu.

Jumapili ya katikati ya mashindano nayo ilikuwa siku ya mapumziko hadi mwaka 2021, ukiacha miaka michache iliyovurugwa na mvua, na ilipoamuliwa ichezwe kila mwaka kuanzia 2022, sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba utunzaji wa nyasi umeendelea. Hakuna aliyeuliza kama magoti ya wachezaji nayo yameendelea.

Mwezi Juni 2010, kwenye Uwanja Namba 18, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walipambana kwa muda wa saa 11 na dakika 5, uliogawanyika katika siku 3, mpaka seti ya tano ikaisha 70-68. Ubao wa matokeo, ambao haukuundwa kwa hesabu ndefu namna hiyo, uliganda kwenye 47-47. Isner, aliyeshinda, alifagiliwa katika mchezo uliofuata. Nyasi ziliendelea kukatwa. Mchezo huo ulichangia kuletwa kwa sheria ya taibreka, yaani gemu ya pekee ya kukata shauri, ambayo katika seti ya mwisho ililetwa mwaka 2019 ikichezwa kwenye 12-12, na tangu 2022 huchezwa kwenye 6-6 hadi mmoja afikishe pointi 10 akiwa mbele kwa 2.

Kuhusu stroberi na krimu wanazokula watazamaji, ambazo watu wa magazeti hawachoki kuzitaja, stroberi si nyasi. Nanasi ni suala jingine. Juu ya kifuniko cha kombe la wanaume limesimama nanasi dogo la dhahabu, na wengi wamejiuliza linatafuta nini katika tenisi, bila kufungua kitabu cha botania, ambamo wangeona kwamba nanasi limewekwa katika oda ya Poales, ileile ya nyasi. Mtaalamu hana la kuongeza.

Afrika Mashariki nayo imekwisha kushiriki katika upimaji huu. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili, akiwa Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana katika mashindano makubwa manne ya tenisi, na upande walioushinda, wa Kanada, ulikuwa na Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Nairobi ilishangilia mchezaji. Hakuna aliyetuma salamu kwa mtunza uwanja.

Mmoja tu kati ya mabingwa ameielewa taasisi hii kikamilifu. Novak Djokovic wa Serbia, alipomshinda Rafael Nadal katika fainali ya mwaka 2011, aliinama, akang'oa majani machache ya Uwanja Mkuu, akayatia kinywani na kuyatafuna mbele ya ulimwengu, na zoezi hilo akalirudia katika ushindi mwingine baadaye, mpaka sasa ana mataji 7. Huo ndio utafiti wa vitendo, na Mtaalamu yuko tayari kumpokea kama msaidizi. Wahudhuriaji wanaombwa kutoka kwa kufuata njia ya saruji, na atakayeonekana akikatiza juu ya nyasi za ukumbi hatapewa cheti wala posho.