Nyoka Kaitiwa Fundi



Mimi mzima, ila jua la Tucson, huku Arizona, linataka kunimaliza. Jipya ni hili: jirani kakuta nyoka kibarazani, akampigia simu mtu wa kumhamisha. Si kumuua, mjomba. Kumhamisha! Mimi nilikuwa nimeshashika fagio, najitia shujaa wa Tabora, jirani akaniomba nirudi ndani nisimsumbue. Asisumbuliwe nyoka!

Fundi akaja na koleo refu la chuma na ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Hakuna panga, hakuna mafuta ya taa, hakuna watoto wa mtaa mzima juu ya ukuta. Akambana nyoka taratibu katikati ya mwili, mkia unatetemeka hewani, akamtumbukiza ndooni, kifuniko kra! Malipo yake siyataji, mama atapandisha presha.

Alikuwa nyoka-kayamba. Mkiani ana pingili kavu, asili yake moja na kucha zetu, na kila akijivua gamba huongezeka moja. Watu husema ukizihesabu utajua umri wake. Uongo, maana kwa mwaka hujivua zaidi ya mara moja, na pingili za mwisho hukatika. Akitishwa, mkia hutikisika zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Kifutu wetu hukulalia njiani kimya. Huyu mara nyingi hutangulia kupiga hodi. Arizona ina aina 13 za ukoo huu, na mmoja wao alifanywa mtambaazi rasmi wa jimbo mwaka 1986. Makaratasi yangu bado yanazunguka maofisini, nyoka kashapewa cheo.

Yupo na tapeli wao, nyoka mkubwa mla panya asiye na sumu. Akiona hatari hubapisha kichwa, hufoka, na kutikisa mkia kwenye majani makavu mpaka umdhanie kayamba. Simcheki sana. Nami nikipokea simu ya Mzungu hubana pua, na hazipiti dakika mbili Kinyamwezi kinachungulia.

Sasa sikieni kanuni ya hawa mafundi wa nyoka. Fundi hakumpeleka yule kayamba mbali. Alimwachia korongoni, hapo hapo karibu na mtaa. Anasema nyoka huyu anajua mawe yake, njia zake na shimo lake la kulala majira ya baridi. Ukimtupa mbali, huzunguka ovyo asijue pa kujificha, na wengine hufa. Nikaitikia kwa kichwa tu. Jioni nikapika ugali kwa unga wa Wamexico, ukatoka na harufu ya chokaa, nikaula hivyo hivyo huku nikisikiliza mnavyogombana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Mjomba, najua fimbo yako iko nyuma ya mlango. Kifutu akiingia uani, sina la kukuambia, watoto wapo. Lakini yule wa kahawia anayezunguka ghalani usiku, ambaye miaka yote hajamuuma mtu, mwacheni, na watoto wasimsogelee. Magunia mangapi ya mahindi yameliwa na panya unajua mwenyewe. Yeye anawala panya hao, wala hadai senti.