Jinsi ya Kumtafuta Mwimbaji Aliyesahauliwa, Ukianza na Herufi Mbili

Kwanza tafuta penseli. Kalamu ya wino iache nyumbani. Chukua penseli na kifutio kizuri, kwa sababu katika kazi ya kumsaka mwimbaji wa bluzi wa zamani utaandika jina lake mara kumi, na mara tisa utakuwa umelikosea. Fungua daftari ukurasa wa kwanza, andika: Elvie Thomas. Chini yake andika: Geeshie Wiley. Hao ndio tutakaowatafuta leo. Kazi hii haifundishiki hewani, sharti uwe na mtu unayemtafuta.

Kwa miaka mingi yote yaliyojulikana juu ya wanawake hawa wawili yangeenea nyuma ya bahasha. Mwaka 1930 walifika Grafton, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, wakaimba na kupiga magitaa yao mbele ya mashine za kampuni ya Paramount. Kampuni hiyo ilikuwa mali ya watengeneza viti. Walianza na viti, wakaenda kwenye makabati ya gramafoni, kisha wakaingia kwenye santuri zenyewe, na sehemu ya santuri hizo wakailenga kwa wanunuzi weusi. Lakini 1930 uchumi ulikuwa umeporomoka na wanunuzi hao hawakuwa na senti ya kuchezea. Kwa majina ya Elvie na Geeshie zilitoka santuri tatu, nyimbo sita. Kufikia 1932 Paramount ilikuwa imeacha kurekodi. Leo nakala zilizobaki za santuri zao zinahesabika kwa vidole.

Moja ya nyimbo hizo ni “Last Kind Words Blues”. Usianze utafiti kabla hujaisikiliza usiku, taa zikiwa zimezimwa, mara tatu mfululizo. Nasema hivi kwa moyo mmoja: bila hiyo sauti kukukaa kifuani, utachoka kwenye sensa ya pili.

Ukibahatika kuishika santuri ya zamani, isome kabla ya kuipiga. Ishike kingo kwa viganja, usiguse uso wake. Isogeze kwenye taa iliyo pembeni, uiinamishe kidogo mpaka mwanga uteleze juu yake. Pale mifereji inapoishia, kabla ya karatasi ya katikati, pana ukanda mweusi usio na sauti, na juu yake pana namba ndogo. Za Grafton huanza na herufi L. Namba hiyo ni kama namba ya foleni: inakuonyesha wimbo upi ulirekodiwa jirani na upi, kwa hiyo inakudokeza nani alikuwa kwenye benchi akisubiri zamu wakati mwenzake anaimba. Karatasi ya katikati nayo isome, ila kwa tahadhari. Paramount hiyohiyo ilimuuza Charley Patton kwa jina lake kwenye bluzi, kama mhubiri Elder J. J. Hadley kwenye nyimbo za dini, na mara moja kama “Masked Marvel”, mtu wa barakoa, ili wateja wabahatishe ni nani. Jina lililo kwenye santuri ni la muuzaji. La mwenye sauti utalitafuta mwenyewe.

Baada ya kusoma, sikiliza maneno, moja moja. Mwaka 1928 Mississippi John Hurt aliimba akiutaja mji wake, Avalon. Ramani za kawaida hazikuwa nao, na wapenzi wa bluzi wakakaa na jina hilo kwa miaka, mpaka mtu akafungua atlasi ya zamani na kuukuta pale, jimboni Mississippi. Mwaka 1963 mpenzi mmoja wa bluzi, Tom Hoskins, alikwenda, akauliza, akaelekezwa nyumbani kwa mzee. Hurt alimdhania ni mpelelezi wa serikali. Mwaka uleule alikuwa akiimba jukwaani kwenye tamasha la Newport mbele ya maelfu, na alifariki 1966. Neno moja la wimbo lilimpa mtu miaka mitatu ya kusikika akiwa hai.

Hata kwenye “Last Kind Words” lipo neno lililowatoa jasho wasikilizaji kwa miongo, maana santuri za Paramount zina mkwaruzo kama kaango lenye mafuta ya moto. Mwishowe lilieleweka: ni neno la kale la Kiingereza linalohusu unga uliochekechwa. Waliokuwa wakibishana walikuwa wasomi wa gitaa, na jibu lilikuwa jikoni. Sisi tungesema sembe, na hata mtoto angeelewa kwamba sembe si dona. Kwa hiyo ukikwama kwenye neno la wimbo, usimwendee mwanamuziki peke yake. Mwendee bibi aliyepika.

Sasa tufike kwenye herufi mbili nilizokuahidi. Sema L kwa Kiingereza. Sema V. Rudia kwa haraka, kama mtu anayejitambulisha mlangoni huku amebeba gitaa. Umesikia? Karani alisikia “Elvie”, jina zuri la kike, akaliandika, likachapwa, likavuka bahari. Yeye mwenyewe alikuwa akiitwa L. V. Thomas, mwenyeji wa Houston, Texas, aliyezaliwa 1891. Watu waliomtafuta Elvie kwenye sensa walikuwa wakimtafuta mtu ambaye hakuwahi kuwepo, huku L. V. akiwa hai, mji uleule, akienda kanisani. Basi hili liwe zoezi la kila siku: kila jina unalolikuta, litamke kwa sauti kabla ya kulitafuta kwa macho. Wengi wa watu hawa majina yao yaliandikwa na wengine, kwa masikio ya wengine. Geeshie nalo ni jina la utani. Jina lake lilikuwa Lillie Mae.

Kwenye nyaraka nenda na subira. Sensa ya Marekani hufanywa kila baada ya miaka kumi, na majina ya watu hufungiwa kwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. Ile ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921, na usiilaumu familia kwa pengo hilo. Mhesabuji alipobisha hodi alijibiwa na yeyote aliyekuwepo, pengine jirani, pengine mtoto. Ndiyo maana utamkuta mwanamke ana miaka 20 katika sensa moja na 27 katika inayofuata. Usimwite mwongo. Tafuta kwenye safu za wapangaji, za madobi, za watumishi wa majumbani. Mwanamke aliyeiacha dunia na wimbo ambao watu wanaulilia mpaka leo anaweza kuwa ameandikwa “mpishi”, na kweli alikuwa akipika.

Cheti cha kifo ndicho karatasi ninayoipenda kuliko zote, na naomba usiiogope. Mwaka 1968 Gayle Dean Wardlow, aliyezoea kupita mlango kwa mlango katika mitaa ya watu weusi wa Mississippi akinunua santuri za zamani, alikipata cheti cha mwimbaji wa bluzi Robert Johnson, aliyefariki tarehe 16 Agosti 1938. Penye sababu ya kifo pameandikwa kwamba hapakuwa na daktari. Watu waliusoma uso wa cheti kile kwa miaka mingi kabla ya mtu kupata upande wa nyuma, na nyuma kulikuwa na maelezo: mwenye shamba alidhani ni kaswende. Si lazima umwamini mwenye shamba. Lakini ulizia upande wa nyuma, kila mara. Kisha shuka mpaka kwenye mstari wa mtoa taarifa. Mstari huo mdogo ndio mlango, kwa sababu wa juu amekufa na huyu alikuwa hai siku ile: ana jina, mara nyingi ana anwani, na huenda ana wajukuu.

Karatasi hiyohiyo inaweza kukuvunja moyo. Vyeti vya Texas ndivyo vilivyowapeleka watafiti kwa Lillie Mae: kipo cha mtu aliyekuwa mumewe, aliyekufa Houston mwaka 1931 kwa jeraha la kisu, na kinamtaja, kwa jina la Lillie Mae Scott, kuwa ndiye aliyemchoma. Hapo weka penseli chini. Toka nje, utembee. Jambo la namna hii ni tamu mno mkononi mwa mwandishi, na ukiliandika ukiwa bado na joto, utamfanya mwanamke mzima kuwa kisu kimoja. Hujui usiku ule ulikuwaje. Andika kilichomo kwenye cheti, uishie hapo.

Jihadhari pia na hadithi inayokaa vizuri kupita kiasi. Mwimbaji Bessie Smith alipokufa Clarksdale, Mississippi, mwaka 1937 baada ya ajali ya gari, ilienea habari kwamba hospitali ya wazungu ilimfukuza akafia njiani. Mwandishi Edward Albee akaiandikia tamthilia. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha alipelekwa moja kwa moja hospitali ya watu weusi, kwa sababu katika Mississippi ile hakuna dereva ambaye angethubutu kumpeleka kwingine. Ukweli ni mzito kuliko hadithi, ukiutafakari. Na lipo jambo ambalo halikuhitaji kutiwa chumvi: kaburi lake lilikaa bila jiwe mpaka 1970, miaka 33.

Baada ya karatasi, milango. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipompata L. V.

Mack McCormick wa Houston alikuwa mtafiti asiye na shahada wala ofisi. Mwaka 1960 alichukua kazi ya kuhesabu watu katika sensa, akapangiwa mtaa wa weusi, na baada ya maswali ya serikali aliuliza ya kwake: hapa nani anapiga kinanda? Nani aliimba zamani? Sijasikia njia nzuri kuliko hiyo. Mwaka 1961 alibisha hodi kwa L. V. Thomas. Mama alikuwa na miaka sabini hivi, ameshaokoka, nyimbo za dunia ameziacha zamani. Akazungumza hata hivyo. Alieleza habari za Lillie Mae, za Grafton, na kwamba mara ya mwisho walionana 1933.

McCormick aliandika yote, akayaweka nyumbani kwake, katika mlima wa makaratasi, picha na kanda ambao mwenyewe aliuita Zimwi. Zimwi likala kila kitu. L. V. aliishi miaka 18 baada ya mazungumzo yale, akafariki 1979. Katika miaka hiyo yote wakusanyaji wa Marekani na Ulaya waliulizana Elvie ni nani, na jibu lilikuwa kwenye sanduku mtaa fulani wa Houston. Ni mwaka 2014 ndipo mwandishi John Jeremiah Sullivan alipoyachapisha mazungumzo yale katika jarida la New York Times, baada ya msaidizi kijana kuyapiga picha makaratasi hayo. Wapo waliosema yaliibwa. McCormick alifariki mwaka uliofuata, na hifadhi yake sasa iko katika taasisi ya Smithsonian.

Simhukumu kirahisi. Bila yeye tusingekuwa na lolote, kwani mlangoni kwa L. V. ni yeye peke yake aliyebisha hodi. Lakini nikifikiria mama yule akikaribia miaka tisini, bila kujua kwamba upo ulimwengu unaomtafuta, nashikwa na uchungu ambao siwezi kuumeza. Kwetu, Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri Bombay katika miaka ileile ya Grafton, alimpata mwandishi Shaaban Robert, aliyemkuta angali hai, akamsikiliza, akaandika kitabu juu yake na kikasomwa. L. V. naye alisikilizwa. Kilichokosekana ni hatua moja tu, ya kutoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila unachokipata, mpe mtu wa pili ndani ya mwezi huohuo. Nakala moja iende kwa ukoo, ikiwa umeupata, tena kabla haijaenda gazetini. Ukifika kanisani, mtafute mama wa kanisa mwenye umri mkubwa kuliko wote, umwamkie kama inavyostahili, ukae, unywe unachopewa, na usiulize habari za bluzi kwanza. Waliookoka wengi hawapendi kukumbushwa. Uliza alikuwa mtu wa namna gani. Uliza alikaa benchi lipi. L. V. kwao hakuwa amesahauliwa hata kidogo. Alikuwa Mama Thomas, mwenye kiti chake na majirani waliomjulia hali. Sisi ndio tulikuwa hatujafika.

Picha usitegemee sana. Geeshie hana hata moja tunayoijua, na usikubali kubandika sura ya mwanamke mwingine mwenye gitaa eti ukurasa upendeze. Acha nafasi, uandike chini yake jina na miaka unayoijua.

Kisha rudi nyumbani, ufungue daftari ukurasa wa kwanza, pale ulipoandika Elvie. Futa. Pengine karatasi itachubuka kidogo. Andika L, nukta, V, nukta, na ulitamke kwa sauti.