Lugha Hamsini za Kuombea Maji

Mtume! Hivi jamani mmeliona hili la watu wa lugha hamsini? Usiniambie hujaliona, maana bando lako na langu linaishia palepale. Unafungua simu utazame goli la jana, mara kaibuka kijana, fulana safi, macho yanamng'aa. Sekunde sita Kifaransa, sekunde sita Kirusi, sekunde sita Kichina, kisha anatua kwetu: "Habari gani rafiki yangu, mimi ninazungumza Kiswahili kidogo." Basi! Chini pale watu wamejazana kushangilia. Wa Nairobi anamwaga mioyo, wa Mwanza anaandika "umetisha kaka", wa Muscat anamwombea dua njema. Kwa sentensi moja! Loh, sisi nasi wepesi.

Hapa kijiweni mada hii imesimamisha drafti, kahawa inapoa vikombeni na kashata hazina mlaji. Kambi moja inaongozwa na muuza kahawa, mtu wa huruma, yeye anasema mwacheni, angalau anajaribu. Kambi ya pili ni ya fundi viatu. Fundi anasema yule bwana apande daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, konda amshikie chenji yake, aidai mpaka aipate, hapo ndipo tutajua ana lugha ngapi. Mimi niko kwa fundi, na sibanduki.

Hebu itazameni video yenyewe, iacheni sura. Bwana anaingia mgahawani, New York au London huko, mwenzake kashika kamera pembeni. Anaagiza chakula kwa Kichina. Mama wa mgahawa mkono mdomoni: aa, umejifunzia wapi? Anajibu. Unaongea vizuri sana! Anashukuru. Wewe kwenu wapi? Anasema. Chakula kitamu! Kwisha habari. Kesho anabadili mgahawa, anabadili lugha, mazungumzo ni yale yale: jina, kwenu, umejifunza muda gani, chakula kitamu. Halafu ngoja yule mama anogewe. Aegemee kaunta, aanze kusimulia kwao kulivyo, mwaka aliotoka, nani kamwacha kule. Mara paap! Picha imeruka. Bwana yuko mlangoni, mfuko wa chakula mkononi, anacheka. Ebo! Yale maneno ya katikati yamekwenda wapi? Mama wa watu alikuwa na la kusema, miaka chungu nzima hajapata mteja wa kumsimulia kwa lugha yake, na siku alipodhani kampata, wamemkata. Hilo ndilo linalonichoma. Watu milioni wanatazama mama anavyoshtuka, alichokisema hakuna aliyekisikia.

Na msidhani haya yameletwa na simu. Palikuwa na bwana anaitwa Ziad Fazah, mzaliwa wa Liberia, kakulia Lebanon, kahamia Brazil. Alidai lugha 58, na kitabu cha Guinness kikamtaja. Mtu mzito! Mwaka 1997 akaalikwa kwenye televisheni ya Chile, kipindi cha Viva el Lunes. Sasa waandaaji nao, watu hawana dogo, wakaleta wenye lugha zao. Mmoja akamwuliza kwa Kirusi: leo ni siku gani ya wiki? Leo ni siku gani, basi! Hakuulizwa falsafa, hakuulizwa hesabu za roketi. Bwana akababaika, jibu halikuja. Na kipindi chenyewe kilikuwa cha Jumatatu, tena hiyo Jumatatu imo ndani ya jina la kipindi! Kikaja Kifini, kikaja Kichina, mambo yakawa yale yale. Kanda ile inazunguka mitandaoni mpaka leo, na kila kizazi kinaicheka upya.

Mimi kuitazama roho iliniuma, wallahi. Huenda lugha kumi alikuwa nazo kweli, na mwenye lugha kumi ni mtu wa kupewa kiti cha mbele popote aendapo. Nani alimtuma azijazie hizo nyingine arobaini na ushei? Lakini ndivyo hesabu inavyomlevya mtu. Akishaanza kuzihesabu lugha kama mbuzi wa mahari, hawezi tena kukiri kwamba huyu ni mgonjwa na yule alishakufa zamani. Zamani angalau mtu alijaribiwa ana kwa ana. Kardinali Mezzofanti wa Bologna, aliyefariki mwaka 1849, sifa zake za lugha zilivuta wageni kutoka pande zote, na kila mgeni alikuja na lugha yake mdomoni. Hapakuwa na pa kukatia picha pale.

Halafu kuna hawa wa "nimejifunza Kiswahili kwa wiki moja". Wiki moja! Aka! Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina chuo chake cha kuwafundisha maofisa wake lugha kabla hawajatumwa. Kiswahili wamekipangia kama wiki 36 mtu afike kiwango cha kukifanyia kazi, na hao ni watu ambao kazi yao kwa wakati huo ni kusoma tu, mwalimu mbele yao, mshahara unaingia. Kichina, Kiarabu, Kijapani na Kikorea wamevipa wiki 88. Serikali yenye fedha zote zile haijaona pa kununua njia ya mkato, ila kijana mwenye taa ya duara kaiona chumbani kwake! Kiswahili kinataka muda, ndugu zangu. Mpaka mtu avunje vikombe na aseme bila kufikiri kwamba vikombe vyangu vile viwili vizuri vimevunjika, ile vi- imekaa mahali pake kila inapotakiwa, na huku ana hasira, anafagia vigae, mtoto analia. Hapo ndipo tutasema ameingia. La sivyo ana Kiswahili cha kuombea maji, na lugha hamsini za kuombea maji ni kiu tupu ukizidisha hamsini.

Na wajuzi wa kweli wapo, tena sana. Palikuwa na mama mmoja wa Hungaria, Kató Lomb, msomi wa kemia aliyeishia kuwa mkalimani. Kirusi alijifunza wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yakianguka, kwa kusoma riwaya ya Gogol aliyoificha katikati ya kurasa za ensaiklopidia nene asishukiwe. Mama huyu alifanya kazi na lugha 16. Lakini msikilize alivyojieleza! Anakwambia zilizo hai ndani yake wakati wote ni tano, Kihungaria cha mama yake kikiwemo. Nyingine anazo, ila lazima azipashe moto kwanza kama nusu siku. Nyingine tena ni za kutafsiria maandishi tu. Huyo ndiye aliyekula chumvi ya lugha, na ndiye anayepunguza hesabu! Hata huko mtandaoni alikuwapo marehemu Moses McCormick wa Ohio, aliyefariki mwaka 2021. Alizoea kuwasemesha watu asiowajua madukani kwa lugha zao, na akikwama unamwona anakwama, anatafuta neno, anaendelea. Mtu wa namna hiyo hata fundi viatu anamnyamazia.

Ila mpaka hapa sijasema kinachoniudhi hasa. Nenda Uvira, pale ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, umtazame mama wa vitenge sokoni. Nyumbani Kifuliiru. Sokoni Kiswahili. Kirundi kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka, Kifaransa kwa karani, Lingala kwa askari anayejifanya hasikii kingine. Anakopesha kwa lugha hizo, anadai kwa lugha hizo, anagombana asubuhi na kupatana jioni kwa lugha hizo hizo. Mwulize ana lugha ngapi, atakukodolea macho, kisha atakuuliza unanunua au hununui. Nani amemrekodi? Nani amemwandikia "umetisha mama"? Hakuna! Na wa namna yake wamejaa Bukavu, wamejaa Kigoma, wamejaa Mombasa, wanapita mbele yetu na mizigo yao kichwani, sisi tumeinamia simu tunamshangilia wa sekunde sita.

Na hapo tunajisifu eti tunakipenda Kiswahili! Hivi Mganda akikaa hapa akasema "nataka kwenda kwa duka", si kijiwe kizima kinalala chali kwa kicheko? Mkenya akifungua mdomo, kuna asiyejifanya mwalimu? Kuna shemeji yetu mmoja kutoka Bujumbura, kaolewa mtaa wa pili, mtu mkarimu, maneno yake yanajitosheleza. Alikuwa akichanganya r na l, basi. Vijana wakamwigiza, wakamwigiza, mpaka vikaoni siku hizi ananyamaza, anatikisa kichwa tu. Huyo ana Kiswahili cha kuendeshea nyumba, cha kufarijia wafiwa, cha kulelea watoto, na sisi tumekifunga mdomo. Halafu mgeni mwenye kamera anasema "mimi nakupenda chakula", makofi! Mbona yeye hachapii? Fundi alipouliza swali hilo, waliokuwa wanamwigiza shemeji walijitia kutafuta kete za drafti chini ya benchi.

Kwa hiyo mimi nina rai, na naitoa kwa moyo mmoja. Anayesema Kiswahili ni lugha yake ya arobaini na tatu, karibu sana, karibu kwa mikono miwili. Asije na mpiga picha. Aende Feri, soko la samaki pale Magogoni, asubuhi na mapema, mnada umechangamka, dalali anapandisha bei bila kuvuta pumzi, wanunuzi wanakatizana, mama lishe wanapishana na ndoo. Aulize bei ya changu. Aambiwe. Abishe. Aambiwe "kaka usinichoshe". Atafute la kujibu hapo hapo, apunguziwe, alipe, adai chenji. Akitoka na samaki kwa bei ya wenyeji, kahawa yake siku hiyo ni juu yangu, na fundi ameahidi kumng'arishia viatu bure. Muuza kahawa bado anasema tunamwonea mtoto wa watu, maana bei ya wenyeji pale Feri hata yeye, mzaliwa wa Dar es Salaam, hajawahi kuipata.