Ewe Unayefungua Ofisi Nyumbani Kakamega

Umechoshwa na kodi ya nyumba Nairobi, umepata mteja New York anayelipa kwa dola, na sasa umeamua kurudi Kakamega ufanyie kazi nyumbani. Hongera. Kwenye simu umehifadhi video ya kijana mmoja wa ng'ambo: chumba cheupe, meza nyeupe, ua moja ndani ya chungu, kikombe kisicho na doa. Unataka kama hicho. Nenda ukamwonyeshe fundi seremala. Ataitazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha atakuuliza yule kijana anaishi na nani. Ni swali la maana kuliko yote utakayoulizwa, nawe hukuwa umelifikiria.

Lakini tuanze na paa, maana Kakamega paa ndilo msimamizi wa kazi. Mvua ya hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya huko Nairobi ulikotoka, na haiji ovyo. Asubuhi jua huwaka hadi ukaanika nguo kwa imani. Mchana upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, ukakutana na ule wa mashariki juu ya nyanda hizi, na ikifika saa nane au tisa mawingu yamekwisha kujipanga juu ya msitu. Kufikia saa kumi, inamwagika. Sasa piga hesabu. Saa tatu asubuhi ya New York, mteja wako anapofungua kompyuta na kutaka kukuona uso, ni saa kumi jioni kwako. Katika majira yao ya baridi ni saa kumi na moja, na mvua bado haijachoka.

Kwa hiyo usikimbilie kipaza sauti cha bei. Mvua ya mawe ikishuka juu ya mabati yasiyo na dari, kipaza sauti kizuri kitamfikishia mteja mabati yako bila kupoteza hata jiwe moja. Weka dari kwanza, iwe ya jipsam au ya plaiwudi, mradi pabaki nafasi ya hewa kati yake na mabati. Haitainyamazisha mvua. Itaipunguza tu, hadi mteja adhani ni kiyoyozi. Usimsahihishe.

Kuna na radi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi mno duniani, na kila boma lina utaratibu wake. Ngurumo ya kwanza ikilia, mama hufunika kioo cha ukutani, huzima redio, na kuwafukuza watoto mlangoni. Kompyuta yako, kwa vile inang'aa, huhesabiwa kuwa kioo. Basi usishangae ukiwa katikati ya kueleza ripoti ya robo mwaka, leso ikashuka juu ya skrini kutoka nyuma yako. Mteja ataona maua mekundu na methali asiyoweza kuisoma. Kabla hujakasirika, jua kwamba mama ana haki nusu nzima. Kioo hakivuti radi, lakini waya wa stima huileta hadi ndani: ikipiga nguzo, hata ya mbali, umeme wake hukimbia kwenye nyaya na kuunguza chochote kilichochomekwa. Chomoa kila plagi, ya ruta usiisahau, ufanye kazi kwa betri. Vile vifaa vya kulinda umeme vinavyouzwa madukani husaidia stima inaporudi kwa kishindo. Mbele ya radi yenyewe havifui dafu.

Stima ikipotea, usipige simu kuuliza itarudi lini. Chungulia kwa jirani. Kama kwake kunawaka, shida ni tokeni, na zile tarakimu 20 za kuingiza gizani ni zako peke yako. Kama kwake pia ni giza, huenda ni transfoma. Kama na mjini ni giza, keti utulie. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilizimika, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kwa usiku huo angalau hakuna aliyeweza kusema tatizo ni Kakamega. Wapo watakaokushauri jenereta. Jenereta ni mvua ya pili. Nunua kibetri cha ruta, kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na umeme kidogo mno, na kijisanduku hicho huweza kuiweka hewani saa kadhaa. Kisha uwe na laini ya kampuni nyingine kwenye simu. Zaidi ya hapo mambo si yako tena: Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ililegea, laini ya pili na ya tatu. Siku kama hiyo mtu huenda shambani kupalilia.

Giza la mvua lina jambo jingine ambalo kijana wa video hakulitaja. Mvua ikikatika jioni, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kufuata mwanga. Stima haipo, kwa hiyo mwanga uliobaki katika boma zima ni skrini yako. Watakuja wote. Watajipigiza kwenye kioo, watadondosha mbawa, na mbawa zile ni nyepesi kiasi cha kupenya chini ya vibonye, kati ya herufi na herufi, ambako hazitoki kwa kupuliza. Hugandia humo kwa unyevu mpaka uzitoe moja moja kwa ncha ya sindano. Nyuma ya kumbikumbi watakuja watoto na beseni la maji, maana hao ni tsiswa, kitoweo cha kukaanga, na wewe ndiye uliyewaita. Punguza mwanga wa skrini, au ukubali kuwa idara ya chakula.

Sasa meza. Wataalamu wanasema uso wa meza uwe kama sentimita 72 hadi 75 kutoka sakafuni, viwiko vikunjike mraba, na ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho. Fundi atasikiliza, ataitikia, kisha atapima kwa jicho. Mpelekee fimbo iliyokatwa kwa urefu huo, kwa sababu fimbo haibishaniwi. La kumkazania zaidi ni mbao. Mkaratusi hukatwa leo, ukapasuliwa kesho, na kesho kutwa ni meza. Ubao mbichi humalizia kukauka ndani ya nyumba yako: hupinda, na siku moja utakuta miguu mitatu imekanyaga chini, wa nne unasubiri. Hata uliokauka vizuri huvimba katika unyevu wa hapa. Droo uliyoivuta kwa kidole mwezi wa Januari, ikifika Aprili itataka watu wawili, mmoja akiwa ameshikilia meza. Pasipoti usiiweke humo. Mwambie fundi aache mwanya wa milimita chache pande zote za droo, na apake vanishi hadi chini ya meza. Mafundi wengi hupaka panapoonekana tu, na unyevu, ambao hauna haya, huingilia chini.

Kwa habari ya kiti, kochi la sebuleni liepuke. Lile lenye vitambaa vya kufuma limetengenezwa ili mgeni ashindwe kuondoka, nalo linaijua kazi yake. Viti vya ofisi vya mitumba vinafaa, ila kikalie pale pale dukani ukipiga soga na muuzaji. Ukiona anazidi kuwa mrefu, gesi ya kiti imekwisha. Yeye atasema ni uzito wako.

Na meza isikae ikitazama mashariki wala magharibi. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kusini mwa hapa, na jua letu halina mzaha: asubuhi litakupofusha, jioni litamwonyesha mteja kivuli chako tu. Dirisha la kaskazini au la kusini linatosha.

Chumba gani, basi? Hapa ndipo swali la seremala linaporudi. Sebuleni usithubutu. Sebule si ya wenye nyumba, ni ya atakayepiga hodi, na atakayepiga hodi atapewa chai, nayo chai haina dakika. Isitoshe, ukutani nyuma yako mteja ataona kalenda ya mbunge ya mwaka juzi, saa iliyosimama, na picha yako ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ukiwa umekaza uso. Chumba cha kulala kina kitanda, na hoja za kitanda ni nzito kuliko za mwajiri yeyote. Kama wewe ni mtoto wa kiume wa boma, ile simba yako, kijumba chako cha ujana, ndiyo ofisi bora: iko kando, ina mlango wake, hakuna anayepitia humo akielekea jikoni. Mtoto wa kike hana simba. Yeye atapewa chumba cha akiba chenye magunia ya mahindi, mahindi yalete panya, na panya hula waya. Awe amesoma kuliko kaka zake wote, ni vivyo hivyo. Hili si suala la samani, na seremala hawezi kulitengeneza.

Haya, umeketi. Dari ipo, betri ipo, fimbo imefanya kazi yake. Ni Jumanne, saa nne asubuhi. Ujue kuwa mtu mzima aliye nyumbani saa hiyo ana maelezo mawili tu kijijini: anaumwa, au hajaandikwa. Kwa kuwa huumwi, utasikia sauti dirishani: "Mwanangu, maadamu hufanyi kitu, hebu mfunge yule ndama." Ukieleza kuwa uko kazini, mama atatazama ndani, akuone umeketi, halafu amtazame ndama. Kibao cha mlangoni hakisaidii. Vipokea sauti vya masikioni vinaharibu zaidi, maana ataamini unasikiliza muziki.

Kisha habari zitasambaa kwamba una kompyuta na intaneti, na hapo ndipo utakapojua kilichomtoa kanga manyoya. Mzee wa boma la pili atafika na koti lake la Jumapili. "Mulembe, mwanangu. Nimesikia una kompyuta inayoongea na serikali." Hakutanii, amekuja na bahasha. Ndani mna kitambulisho, namba ya kodi ya KRA iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, na barua ambayo hataki uisome yote. Huwezi kumkatalia; ndiye aliyekubeba ulipovunjika mguu. Baada yake atakuja binti anayetaka mkopo wa masomo wa HELB, kisha shemeji mwenye shida ya leseni kwenye eCitizen, kisha mtu aliyesahau nywila ambayo hakuwahi kuiweka yeye mwenyewe. Mwezi wa Juni usipokee kazi yoyote ya maana. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi, na kila asiye na kipato ataketi nje ya mlango wako akisubiri kuiarifu serikali kwamba hana kipato. Pale mjini saiba hulipisha. Wewe utaletewa mkungu wa ndizi, na itakubidi ushukuru.

Kukiwa na msiba, ofisi ni ya kamati. Ni wewe utakayechapa wasifu wa marehemu, na utauchapa upya kila mara wazee watakapobadili mpangilio wa wake na watoto. Usidhani hilo ni dogo: kosa la herufi husamehewa, kosa la nani atangulie halisamehewi. Usiku vipaza sauti vya matangani vitakesha, kwa hiyo mwombe mteja ruhusa mapema. Na Jumamosi alfajiri, ukisikia ngoma barabarani, ni fahali anapelekwa kupiganishwa uwanjani, Malinya au Khayega, akisindikizwa na Isukuti. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ikipita kando ya dirisha lako kabla hakujapambazuka, utadhani wewe ndiye unayehitaji kulindwa.

Dawa ipo, ingawa haiuzwi dukani. Malipo ya kwanza kutoka New York usinunulie kiti. Mnunulie mama tanki la kukinga maji ya paa, kubwa, liwekwe mahali ambapo kila anayeingia bomani ataliona kabla hajakuona wewe. Akiulizwa limetoka wapi, atasema. Kuanzia siku hiyo, ukiwa mkutanoni, ni yeye atakayewasimamisha wageni langoni kwa sauti ya chini: mtoto yuko kazini, rudini jioni. Ndama atafungwa na mwingine. Kiti ni cha malipo ya pili. Mgongo wako utavumilia.

Nawe jirani unayesoma haya ukiwa na namba ya KRA mfukoni: piga simu kwanza, na tafadhali usingoje tarehe 30 Juni.